Bobini ya Fundi

  Ndugu msikilizaji, najua saa hizi wengine mko jikoni mnamenya ndizi, wengine mmetoka shambani mnanawa miguu, wengine mmekaa tu mkisubiri taarifa ya habari. Popote ulipo, hapa kwetu Nyamiaga, Ngara mjini, Kabanga mpakani, Rulenge, hadi kule Biharamulo, naomba tukae pamoja kwa muda mfupi.

Nianze na maneno mnayoyajua. Hadithi, hadithi! Nanyi huko mliko mmekwisha kuitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Tumeitikia hivyo tangu utoto. Lakini je, umewahi kuyasikiliza maneno yenyewe? Wazazi wale wale waliotuchapa mchana kwa kusema uongo, jioni tukikaa mekoni walitutaka tuuite uongo kwa sauti kubwa, uje, ukae katikati yetu. Kwa nini? Leo nataka kulijibu swali hilo, na nitalijibu kwa kisa changu mwenyewe. Ni kisa cha kitu kidogo kuliko kizibo cha soda.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa. Wenye umri wangu mnakumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa wingi ambao ulikuwa haujawahi kuonekana. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walitaja kadiri ya watu 250,000 kwa muda wa takriban siku moja. Walijaa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imeweka kambi pale wakati wa kujenga barabara. Baadaye zikaja kambi nyingine: Lumasi, na Lukole kwa ndugu zetu wa Burundi. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki vipara. Mashamba yakapata vibarua wa kulima, na mengine kati ya hayo hayo yakachimbwa viazi usiku. Kila nyumba ya Ngara ina la kusimulia kuhusu mwaka ule.

Nyumbani kwetu lilikuja la fundi cherehani.

Ilikuwa kiangazi. Alifika asubuhi moja na kichwa cha cherehani begani, ile ya kuzungusha kwa mkono, ameifunga kwa kitenge kama anavyobebwa mtoto. Baba akampa pembe moja ya kibaraza chetu. Tulisikilizana naye bila taabu, maana Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa tumbo moja. Hakuwa na tepu ya kupimia. Alikuwa na kamba ya mgomba aliyoipiga mafundo, kutoka fundo hadi fundo ni upana wa vidole vinne, na kwa kamba hiyo alipima viuno na mabega ya kitongoji kizima. Alilipwa maharage, viazi, mzigo wa kuni, siku nyingine chupa ya rubisi.

Kaptura yangu ya shule ilikuwa imechanika nyuma. Fundi alikuwa na uzi mwekundu tu. Akaitazama kaptura ya kaki, akautazama uzi, akanitazama mimi. Kisha akaigeuza ndani nje, akashona taratibu, akaukunja mshono hata wekundu ukabaki ndani. Mimi nikaenda shule, na hakuna aliyenicheka.

Siku chache baada ya hapo nikamwibia.

Niliiba bobini. Kwa wasioijua, bobini ni kile kijigurudumu cha chuma kinachobeba uzi wa chini wa cherehani. Aliiweka pembeni mwa mashine wakati anabadilisha uzi, akageuka kumjibu mama, nami nikaichukua. Nilichomeka njiti ya kiberiti katikati, nikaizungusha juu ya jiwe la kusagia, ikazunguka kama pia, ikimeremeta. Sijawahi kuwa na kichezeo kizuri kama kile.

Fundi akaitafuta. Alipapasa sakafu ya kibaraza kwa viganja. Mama akamletea ungo, akaanza kupepeta vumbi la kibarazani kama mtu anayepepeta mtama, vumbi likaruka, na chini pakabaki vijiti na maganda ya maharage. Akatuuliza sisi watoto, kwa upole kabisa, kama kuna aliyeiona. Sikujibu. Alikuwa na bobini nyingine moja, lakini ilikuwa imepinda, uzi ukawa unakatika kila baada ya hatua chache. Siku ya tatu alikifunga kichwa cha cherehani kwa kile kitenge, akatushukuru, akaondoka kurudi kambini. Sikumwona tena.

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa mtu mzima na kuanza kuandika, kisa cha kwanza nilichotaka kukiandika kilikuwa hiki. Nilijaza kurasa kumi na mbili. Niliweka tarehe, niliweka daraja, niliweka idadi ya watu, niliweka kamba ya mgomba na mafundo yake. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilipofika kwenye bobini niliandika hivi: bobini ikapotea.

Ikapotea. Angalieni jinsi lugha yetu ilivyo na huruma kwa wakosaji. Sahani imevunjika. Maziwa yamemwagika. Ufunguo umepotea. Kila kitu kinajitendea chenyewe, na mkono wa mtu hauonekani popote. Mimi nikajificha ndani ya neno hilo moja, nikadhani hakuna atakayenikuta.

Nikampelekea kurasa zile mwalimu wangu wa zamani. Alizisoma zote kwa zamu mbili, jioni na asubuhi. Kisha akavua miwani akaniambia: "Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini kuna mtu hayumo humu, na bila yeye wengine wote wanatembea tu."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Halafu nikaanza upya, na safari hii nikabuni. Nikambuni mvulana. Sikumpa jina langu wala umri wangu. Nikamhamishia kilima kingine, upande wa Biharamulo, nikamfanya yatima anayelelewa na bibi yake. Na mara tu alipokuwa si mimi, akaiba. Niliuona mkono wake ukienda. Niliona jinsi alivyoisikia bobini ina joto kiganjani, maana mashine ilikuwa imezungushwa tangu asubuhi. Niliona kwamba wakati wa kupepeta vumbi alijitolea kumshikia fundi ungo. Hilo la kushika ungo, ndugu zangu, sikulibuni. Mimi niliushika ungo ule. Nilikuwa nimelisahau kabisa, na uongo ndio ulionirudishia.

Hapo ndipo nilipowaelewa wazee. Wanaposema uongo njoo, hawauiti uongo wa kumdanganya mtu. Wanauita uongo wa kusitiri, kama pazia la mlangoni: aliye nje haoni ndani, na aliye ndani anapata kuvua nguo. Kwa kuwa sungura si jirani, tunaweza kumsema sungura hadi mwisho. Kwa kuwa mvulana si mimi, naweza kumfuata hadi pale nilipoogopa kwenda mwenyewe.

Na wakubwa wetu wa kalamu walilijua hili kabla yangu. Nianze na mzee wa karibu, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Huyu si mgeni kwetu Kagera, maana ujana wake aliutumia seminari ya Rubya. Alimwoa Anna Katura, wakapata watoto, na watoto wale wakafariki wangali wadogo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, kitabu kirefu sana kuhusu mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana na hawana mtoto. Ndugu wanasema, watu wananong'ona, wakwe wanaingilia, na wawili wale hawaachani. Mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali.

Kitereza angeweza kuandika: mimi na Anna tulizika watoto. Ni sentensi moja, na ni kweli tupu. Badala yake aliirudisha nyuma habari ile, akaipeleka zama za mababu kabla ya mkoloni, akaijaza kilimo, uvuvi, dawa na taratibu za ukwe. Nikimsoma naona mtu aliyejenga nyumba kubwa ili ndani yake awe na chumba kimoja kidogo cha kulilia. Na kile alichokosa nyumbani kwake, akawapa wale wawili. Kitabu kilikuja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, kwa tafsiri yake mwenyewe, na mwaka 1981 mzee akafariki. Yule aliyesemwa na watu kwamba hakuacha mtoto ameacha wanne wasiozeeka: Myombekere, Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Sasa twende Unguja. Baada ya Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walikamatwa, na mmoja wao alikuwa mwandishi Adam Shafi. Alionja gereza. Alipotoka aliandika riwaya nyingine, Kasri ya Mwinyi Fuad, kisha Kuli, kisha Vuta n'kuvute. Ya gerezani aliyaacha yalale. Riwaya yake ya gereza, Haini, ilitoka mwaka 2003, zaidi ya miaka 30 tangu siku zile, na aliyefungwa humo ndani anaitwa Hamza. Miaka 10 baadaye, 2013, mwandishi huyo huyo akatoa Mbali na Nyumbani, na humo anasimulia safari za ujana wake kwa kusema mimi. Kwa hiyo milango yote miwili aliijua. Safari aliiingilia kwa mlango wa mimi, na gereza aliliingilia kwa mlango wa Hamza. Nadhani kuna mambo ambayo mtu akiyabeba mwenyewe yanamwangusha, lakini akimtwika mwingine aliyemuumba anaweza kutembea pembeni yake akimtazama anavyoyabeba, na kutuambia.

Lakini nisikilizeni vizuri, maana sitaki kijana ainuke hapa akidhani kila kitu kinabuniwa. Kuna mahali ambapo uongo haukaribishwi hata ukipiga hodi saba. Arusha ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ikafanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015. Pale shahidi alitakiwa kusema jina, mahali, siku, na alichokiona kwa macho yake. Waliouawa wana haki ya majina yao. Anayetia chumvi kwenye habari za marehemu anawaua mara ya pili, na anampa silaha yule anayetaka kusema mauaji ya kimbari hayakutokea.

Ndiyo maana namheshimu sana mwandishi mmoja wa Rwanda, Scholastique Mukasonga, aliyezaliwa 1956. Mwaka 1973 alikimbilia Burundi, na mwaka 1994, akiwa Ufaransa, alipoteza watu wengi wa ukoo wake. Vitabu vyake vya kwanza, cha 2006 na cha 2008, havikuwa riwaya. Viliwataja watu wake kwa majina, na kimoja amekitoa chote kwa mama yake. Alianza na mazishi. Mwaka 2012 ndipo akatoa riwaya, Notre-Dame du Nil, ya shule ya wasichana iliyoko juu ya mlima karibu na chanzo cha mto Nile, na hapo akabuni wanafunzi, akabuni vichekesho vyao na chuki iliyokuwa inapikwa polepole mabwenini. Maji ya chanzo kile, ndugu msikilizaji, ndiyo yanayoshuka kwa Nyabarongo, yakakutana na Ruvubu, yakawa Kagera, yakapiga kelele pale maporomoko ya Rusumo. Mto anaouandika yeye ndio unaopita kwetu.

Sasa niseme na vijana wanaoniletea hadithi zao. Ninao watatu au wanne hapa Nyamiaga, na nawapenda kwa bidii yao. Nina maonyo mawili, na yote nimeyapata kwa kuumia.

La kwanza: anza na kitu, usianze na tukio. Ukianza na tukio, utaandika kama taarifa ya habari: wakimbizi walifika, njaa iliingia, watu waliteseka. Mimi sikuumizwa na watu 250,000. Niliumizwa na ungo mmoja. Utafute ungo wako. Ni kitu gani ambacho ukikiona leo sokoni unageuza uso? Andika hicho, na tukio litakuja lenyewe likikifuata kama ndama anavyomfuata mama yake.

La pili: aibu iwe yako, siri ya jirani iache kwa jirani hadi akupe. Niliwahi kuandika hadithi kuhusu mama mmoja na ndoa yake. Nilibadilisha jina tu. Mwavuli wake mwekundu niliuacha, na jinsi anavyovuta mguu wa kushoto akipanda mlima niliiacha, kwa kuwa nilipendezwa navyo. Hadithi ikasomwa kwenye mkusanyiko, na kabla ya ukurasa wa pili vichwa vya watu vilikuwa vimemgeukia. Hakusema neno pale. Kesho yake alipita kwetu, akakataa kukaa, akaniambia: "Mwanangu, ungeniomba ningekupa."

Nimeandika maneno hayo kwenye kipande cha karatasi, kipo juu ya meza yangu. Ungeniomba ningekupa. Kijijini kwetu kila mtu anajua mwavuli wa kila mtu. Kwa hiyo ukichukua maisha ya mwenzako, ama umwombe, ama uyageuze hadi yeye mwenyewe akiyasikia aseme: maskini mama huyu, ni nani? Mwandishi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na kwenye riwaya yake Rosa Mistika ya mwaka 1971 Namagondo imetajwa kwa jina lake. Kijiji alikichukua kama kilivyo, Rosa akamuumba. Udongo wa kwenu ni wako. Mtu ni wa Mungu na wa nafsi yake.

Namalizia na jambo linalonikosesha usingizi. Mwaka 1994 dunia nzima ilikuja Ngara. Walikuja waandishi na kamera, mashirika na malori. Hata redio ilizaliwa kwa ajili ya siku zile: Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Wageni walituandika, na wengi walituandika kwa nia njema. Lakini walikaa siku chache, wakaona mahema. Hawakuona kibaraza. Hawakujua kwamba kuna watoto wa Kihangaza waliojifunza nyimbo kutoka kwa watoto wa kambini, na wengine walioiba. Mema yetu hayajaandikwa na mabaya yetu hayajaandikwa, na wanaoyakumbuka wanapungua kila msimu wa mvua. Ukitoka hapa kuelekea Hospitali ya Nyamiaga utakutana na wazee wenye riwaya nzima kifuani, wanatembea nayo kwa mkongojo. Kaa nao. Waombe, watakupa.

Mnaniuliza hadithi yangu iliishaje. Niliandika miisho miwili.

Katika wa kwanza, yule mvulana anamfuata fundi hadi kambini, anamkuta, anampa bobini mkononi, na fundi anamkumbatia. Niliusoma mara moja tu nikauchana. Ule ndio uongo ambao mama yangu angenichapa kwa ajili yake, kwa sababu niliuandika ili mimi nilale vizuri.

Wa pili ndio huu. Desemba 1996, Serikali na UNHCR walitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31. Barabara ya Rusumo ikajaa tena, watu wakirudi walikotoka, na magodoro na masufuria vichwani. Mvulana wa hadithi yangu anatoroka kwa bibi yake alfajiri, anasimama kando ya barabara na bobini mfukoni, anatazama kila mzigo unaopita. Anatafuta kitenge chenye umbo la kichwa cha cherehani. Anasimama kutwa. Jua linazama, vumbi linatulia, na mkono wake bado uko mfukoni.

Mimi sikusimama pale, ndugu msikilizaji. Siku zile nilikuwa nyumbani, na bobini nilikuwa nimeizika zamani chini ya mparachichi. Ila kila anayeisoma hadithi ile anamkuta mvulana kando ya barabara, bado anatazama. Nimemweka pale asimame kwa niaba yangu.

Hadithi njoo, uongo njoo. Usiku mwema.